Diwani, Daftari na Mvua ya Mawe

Neno diwani lina maana mbili kwetu sisi watu wa pwani, na zote mbili twazitumia bila kufikiri. Diwani ni mkusanyo wa mashairi. Marehemu Shaaban Robert aliita kitabu chake Diwani ya Shaaban, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Na diwani ni yule bwana tunayempigia kura akatusemee katika baraza la mji. Watu wa Mrima wana maana ya tatu, kwani huko Bagamoyo na Pangani madiwani ndio waliokuwa wenye mji kabla ya Mjarumani kuja na bendera yake. Lakini maana zote hizo zimetoka mfuko mmoja. Kwa asili, katika Kiajemi na kisha katika Kiarabu, diwani ni daftari. Sayyidna Umar alipoona mali yaingia Madina kwa wingi na haijulikani nani kapewa na nani kasahauliwa, alifungua daftari la majina, na daftari hilo ndilo lililoitwa diwani. Baadaye afisi yenye daftari ikaitwa hivyo, na mwisho mtu mwenyewe akaitwa hivyo.

Naanza na neno kwa sababu makala haya yahusu mabaraza ya miji ya Kitale na Bungoma na mambo yanayowapata wakazi wake mvua ya mawe inaponyesha, na nachelea msomaji wa Lamu au wa Vanga atafungua ukurasa mwingine akidhani kuwa mambo ya barafu hayamhusu ndewe wala sikio. Yamhusu. Mtaro ni mtaro, uwe umezibwa na mawe ya barafu au na mchanga wa Mkomani.

Kwanza tuseme kweli, sisi wa pwani barafu twaijua kwa masikio. Tulipokuwa chuoni tulihifadhi ile dua ya kufungulia sala, ambamo mja amwomba Mola amsafishe makosa yake kwa maji na kwa theluji na kwa baradi. Tuliisoma kwa sauti huku jasho latutiririka mgongoni, na hakuna hata mmoja katika sisi aliyepata kuiona theluji, na nadhani maalimu mwenyewe hakuiona. Baradi ndiyo mvua ya mawe, nayo imetajwa katika Sura ya Nuri pamoja na mawingu yaliyorundikana mfano wa milima. Neno letu baridi ni ndugu wa neno hilo, baba mmoja mama mmoja. Ndiyo maana mwaka 1848, mmisionari Rebmann aliyetoka Rabai alipouona mlima wa Kilimanjaro una kitu cheupe kileleni akamuuliza kiongozi wake ni nini kile, alijibiwa neno moja tu: baridi. Mabwana wa jiografia kule London wakabishana miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Jawabu la yule kiongozi lilikuwa fupi, na lilikuwa sahihi.

Sasa twende Kitale. Mji huu uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321 na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, kiasi cha mita 1,400. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda mchana, hukutana na milima, na alasiri mawingu husimama wima kama minara. Katika nchi zetu hizi za joto, hewa hufikia kiwango cha kugandisha maji kwenye urefu wa kama mita 5,000. Matone yakirushwa juu ya hapo na nguvu ya wingu huganda, huanguka, hurushwa tena, na kila safari huongeza ganda jingine, mpaka uzito ushinde upepo. Mombasa jiwe hilo lina mita 5,000 za hewa ya moto za kupita, na hufika chini likiwa tone kubwa la mvua. Kitale lina mita 3,000 tu, na hufika likiwa jiwe. Hakuna siri nyingine.

Ukanda huu wote umezoea. Kericho na Nandi wataalamu wa hewa wanazihesabu miongoni mwa sehemu zinazoongoza duniani kwa mvua ya mawe, hata katika miaka ya 1960 na 1970 mashirika ya chai yalikodi ndege zirushe dawa katika mawingu ili mawe yapungue. Na Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mteremko mzima wa kilima uligeuka mweupe. Watu walitoka na watoto wao kuchezea wakisema theluji imeshuka Kenya. Idara ya Hewa ikaeleza kuwa ni mvua ya mawe iliyoshikamana ikawa pande moja. Watu waliendelea kuiita theluji.

Mjini mvua ya mawe haina uzuri huo. Huanza kwa mlio kwenye mabati, mlio ambao mtu wa makuti hawezi kuusadiki, kwani watu wawili waliokaa kiti kimoja hawasikilizani. Robo saa, pengine dakika ishirini, imekwisha. Lakini katika robo saa hiyo mambo matatu hufanyika kwa pamoja. Mawe huchana majani ya miti na ya mboga, majani huteremka na maji, na mawe yenyewe huelea juu ya maji kama ukoko. Majani na mawe na takataka za sokoni zikifika kwenye mdomo wa kalvati hushikana zikawa kizibo kimoja kigumu, na maji yaliyokuwa yaende mtoni hurudi barabarani, hupanda ngazi ya maduka, huingia chini ya vibanda. Muulize mama muuza nyanya katika soko la Kitale. Atakuita shekhe kwa sababu ya kofia yako, kisha atakueleza kwamba mawe yenyewe hayamtishi sana, hujikinga chini ya turubai. Kinachomtia hasara ni maji yanayokuja kutoka nyuma, yakapita chini ya meza na kuchukua magunia yaliyowekwa sakafuni.

Hapo ndipo baraza linapoingia.

Wenzetu wa nchi za baridi wana kisa chao, na chafaa kutajwa. Tarehe 13 na 14 Januari 1979 mji wa Chicago, Marekani, ulifunikwa na theluji karibu nusu mita, juu ya nyingine iliyokuwako tangu mwaka mpya. Treni zilikwama, magari yalizikwa, taka zilirundikana vichochoroni. Meya, Michael Bilandic, alitangaza kuwa viwanja vya shule vimesafishwa ili watu waegeshe magari humo. Watu wakaenda, wakakuta theluji ile ile. Tarehe 27 Februari wapiga kura wa chama chake walimwangusha wakamchagua Jane Byrne, mwanamke ambaye wakuu wa chama hawakumtaka. Mji ule ulikuwa umeshikwa na chama kimoja kwa miaka mingi, na mashine yake ya siasa ilisemwa kuwa haivunjiki. Theluji iliivunja kwa wiki sita.

Lakini pana tofauti kubwa. Theluji husubiri. Hukaa siku tatu, wiki, mwezi, na katika muda huo baraza laweza kuitisha kikao cha dharura, likatoa magari ya kukwangua, likanunua chumvi ya kumwaga barabarani, likakodi vibarua, likagombana, likapatana. Mvua ya mawe haimsubiri mtu. Diwani akiiona kutoka dirishani, kabla hajamaliza kufunga vifungo vya koti imekuwa maji, na kabla maji hayajakauka akidi ya kikao haijatimia. Kwa hiyo mji wa mvua ya mawe hauna nafasi ya kupambana na dhoruba wakati wa dhoruba. Una siku za kabla, na una siku za baada. Siku za kabla ni za shepe, na siku za baada ni za daftari, na zote mbili ni kazi za kila siku, kazi zinazochosha ambazo hakuna mwandishi wa habari anayezifuata.

Nimekaa kwenye viti vya wageni katika mabaraza kadhaa ya miji katika miaka yangu ya uandishi, na naweza kukuambia, msomaji, ya kuwa hakuna mahali pa usingizi mtamu kama pale. Hufunguliwa kwa dua. Kumbukumbu za kikao kilichopita husomwa na kuthibitishwa. Kisha mambo yaliyozuka humo. Ombi la kiwanja. Leseni ya kilabu cha pombe. Punda wanaozurura. Maiti asiye na jamaa, nani atoe sanda. Kibanda kilichojengwa juu ya mtaro, na mwenye kibanda ni shemeji yake nani. Taarifa ya injinia kuhusu kuzibua mitaro ya soko, imepokewa, imeahirishwa kwa kukosa fedha. Hapo diwani mmoja huamka kuuliza chai iko wapi.

Sentensi ile ya injinia ndiyo dhoruba yenyewe. Imenyesha mle barazani miezi minne kabla ya mawingu, na hakuna aliyefungua mwavuli.

Zamani mambo haya yalikuwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile Sura ya 265, na Kitale na Bungoma kila mmoja ulikuwa na baraza la manispaa, meya wake, karani wake wa mji na kamati zake za fedha, za ujenzi, za afya. Mabaraza hayo yalikwisha baada ya uchaguzi wa Machi 2013, zilipoanza serikali za kaunti. Sasa Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na mji wa Bungoma ni makao ya kaunti ya jina lake, na miji hiyo huendeshwa na bodi za manispaa chini ya kaunti. Diwani naye amebadilika jina akawa mjumbe wa bunge la kaunti, ingawa sokoni bado ni diwani, na askari wa kukamata vibanda bado ni kanjo.

Katiba ya 2010 haikuacha shaka. Katika Jedwali lake la Nne imeandika wazi kwamba maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa ni kazi ya kaunti, kama zilivyo kazi zake masoko na kukabili maafa. Ila nenda usimame kando ya barabara kuu mjini Kitale uulize mtaro huu ni wa nani. Barabara kuu ni ya mamlaka ya serikali kuu. Barabara nyingine za mjini zina mamlaka yake. Kichochoro ni cha kaunti. Maji safi na maji taka ni ya kampuni ya maji ya Nzoia, ambayo huhudumia miji yote miwili. Tone moja la maji kutoka paa la duka mpaka mtoni laweza kupita mikononi mwa wakubwa watatu, na kizibo hukaa pale pale anapoishia mmoja na kuanza mwingine. Nilipokuwa nikisafiri kutoka Kitale kuelekea Bungoma, tulipopita Kiminini na Kamukuywa, nilitunga ubeti huu:

Mtaro hauna jina, wala hauna shairi,
Watu juu hupitana, tajiri naye fakiri,
Hata mawe yakinena, usiku kwa ujabari,
Ndipo tunaulizana, nani mwenye daftari.

Yuko mtu ambaye katika miji ya Kiislamu ya zamani angeulizwa swali hilo na asingeweza kukwepa. Huyo ni muhtasibu. Wengi wamdhania mkagua mizani tu, aliyezunguka sokoni kuona pishi imejaa. Lakini Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alimwandikia kazi pana zaidi: maji ya mji yakikatika au ukuta ukibomoka, ni juu yake kuhimiza matengenezo kwa mali ya hazina. Na mwenye kujenga akazuia njia ya watu alibomolewa, hata akiwa mkubwa. Nalipenda jambo moja katika mpango huo. Mtu mmoja alikuwa na sura, watu walimjua kwa jina, na alipita njia hiyo kila siku.

Watu wanaolipa gharama ya swali hilo kukosa jibu hawakai kwenye mtaa wa maduka makubwa. Kitale una mitaa ya chini inayoitwa Kipsongo, Tuwani, Matisi. Kipsongo wengi wa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Waturkana waliofukuzwa na ukame. Na uko mtaa mmoja, mpwani mwenzangu usicheke, uitwao Shimo la Tewa. Ndiyo, jina lile lile la Mtwapa. Samaki tewa ambaye hajapata kutoka baharini amepanda mita 1,900 na kupewa mtaa. Basi Shimo la Tewa ya Kitale ina sifa moja ya jina lake: maji hulijua shimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baraza la manispaa la wakati ule lilikubali, pamoja na shirika la ITDG ambalo sasa huitwa Practical Action, kukaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa wapange wenyewe kitu gani kitengenezwe kwanza. Wakazi hawakuomba makubwa. Vyoo, chemchemi zihifadhiwe, njia za kupita. Hayo ndiyo mambo ambayo kamati ya ujenzi ingeyakuta katika daftari lake kama ingelikuwa na mazoea ya kulifungua.

Sasa tugeukie siku za baada, ambako mimi naona dhuluma imejificha vizuri zaidi.

Mama muuza nyanya hulipa ushuru wa soko. Kila asubuhi mtoza ushuru humpa risiti, na kishina hubaki kitabuni au katika ile mashine ndogo ya siku hizi. Kaunti kwa hivyo yamjua. Yajua alikuwapo Jumatatu, alikuwapo Jumanne. Jumatano maji yakampitia akapoteza mtaji wa mwezi. Jumatano hiyo haiandikwi katika kitabu gani? Alhamisi akirudi na kikapu kimoja cha mboga alichokopeshwa, mtoza ushuru yuko pale na risiti yake. Daftari la kupokea lipo na limefungwa kwa ngozi. La hasara mimi sijaonyeshwa katika soko lolote nililopita, la bara wala la pwani. Wala simaanishi kwamba kila aliyelowa alipwe, hazina gani itatosha? Nasema aandikwe. Mji usioandika hasara hauwezi hata kujua ni kalvati gani imeula mara tano.

Kwa wakulima daftari lipo, lakini ni la aina yake. Bungoma ni nchi ya mahindi, miwa, na tumbaku kule upande wa Malakisi. Mvua ya mawe ikipiga mahindi yakiwa machanga, moyo wa mche ungali chini ya udongo, majani huchanika lakini mche huchipua tena, na mkulima mwenye subira hupata chake. Ikipiga wakati wa kutoa mbelewele, shamba hubaki mabua. Jani la tumbaku nalo likitobolewa limekwisha, kwani huuzwa kwa uzima wake. Mwaka 2016 serikali ilianzisha bima ya mazao, na Bungoma ikawa pamoja na Embu na Nakuru katika kaunti za kwanza kujaribu bima ya mahindi. Ni jambo la kusifiwa. Lakini bima hiyo huhesabu wastani wa mavuno ya eneo zima, si ya shamba moja, kwa sababu kukagua kila shamba ni ghali mno. Kwa ukame, hesabu hiyo ni ya haki, maana jua huwakauka wote. Mvua ya mawe haifanyi hivyo. Hupita kama ufagio mwembamba. Huchukua shamba la Wafula, huacha la jirani yake yakipepea. Wastani wa eneo ukabaki mzuri, na Wafula wangu huyu wa kubuni akaambiwa kwamba mwaka ulikuwa mwema. Kampuni za bima zina sababu zake. Lakini mtu wa kaunti aliyetembea siku ya pili, akaandika kwa jina na kwa ekari nani kapigwa na lini, angempa mkulima karatasi ya kubishania, na hakuna haja ya mtambo wowote.

Maji yenyewe hayaishii hapo. Mto Nzoia hukusanya ya Cherangani na ya Elgon, hupita Webuye, na humwaga Ziwa Viktoria kule Budalang'i, ambako kingo zake zimepasuka mara nyingi na watu wakahamia kwenye mahema. Novemba 2019 mvua kubwa iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale, watu zaidi ya 50 wakafa usiku mmoja, na barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika. Hilo ni kubwa kuliko mtaro wa soko, najua. Msiba kama ule huleta mawaziri kwa helikopta, na ni haki. Mtaro wa soko hauleti hata mkaguzi kwa baiskeli.

Niseme na upande wa pili, nisije nikawaonea wakubwa. Mwananchi naye akiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni juu ya bajeti huomba nini? Huomba barabara, zahanati, na ile taa ndefu ya mulika mwizi. Sijasikia mtu aliyesimama akaomba kalvati. Mwanasiasa ana masikio, husikia hivyo hivyo. Mulika mwizi huzinduliwa kwa ngoma na picha. Mtaro uliozibuliwa ukizinduliwa utapiga picha ya nini? Isitoshe, mwaka wa fedha huanza Julai, katikati ya mvua za Kitale ambazo huanza Machi au Aprili na kwenda hadi Oktoba. Fedha kutoka Nairobi huchelewa, kila gavana amepata kulalamika. Ikifika Disemba, miezi mitatu mikavu, miezi ya shepe, mara nyingi kifungu cha matengenezo ndicho kilichokopwa kulipia kitu kingine.

Kisheria makadirio ya bajeti lazima yafike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mikutano ya wananchi hufanywa kabla ya hapo, Kitale kama Bungoma, Mombasa kama Kilifi. Mlango hauna bawabu, na hakuna anayeulizwa kadi ya chama. Mwenye kibanda sokoni aende na risiti zake za mwaka mzima, azifunge kwa uzi, aziweke mezani mbele ya diwani, aulize mtaro uliopita nyuma ya meza yake umeandikwa ukurasa gani.